Rejeta ya Oili ya Gari Namba Thelathini na Moja

Mama mkwe wangu, Mak Ngatini, hasalimiani na nusu ya kijiji. Si kwamba anasahau. Akimwona mtu anakuja, anavuta saruni aliyojifunga mabegani mpaka puani kana kwamba baridi imezidi, anapita. Baridi ya kwetu huku mlimani ni kali kweli, lakini si ya kumziba mtu mdomo saa saba mchana.

Chanzo ni gari. Marehemu mumewe alimwachia jipu la zamani, Haditopu, ambalo ni kubwa kwa umri kuliko mume wangu Kariyono. Mlangoni lilikuwa limeandikwa 31 kwa rangi nyeupe, na namba hiyo ndiyo ilikuwa chakula chetu. Wageni wanaokuja kutazama jua likichomoza juu ya Mlima Bromo wanagawiwa kwa zamu, na zamu zinakwenda kwa namba za chama cha madereva. Gari lisilo na namba halipakii mgeni hata mmoja. Namba mpya hazitolewi. Unarithi, au unasubiri mwenzio anyang'anywe.

Aliyeendesha ni Kariyono, lakini spana zilikuwa za mama yake. Kwa miaka mingi alimshikia mumewe tochi na kumpa spana, na kwa kuwa mzee yule hakuwa mtu wa maneno, Mak alijifunza kwa macho tu. Mzee alipofariki ndipo ikajulikana kwamba anajua. Mafundi hawakumpenda kwa hilo. Wangempenda kama angekuwa analia akiwapelekea gari.

Sasa, gari lile lilikuwa na ugonjwa mmoja. Likibeba watu sita kupanda kilele cha Penanjakan, zile kona za mwisho, oili ilichemka ikawa nyepesi kama maji, na mshale wa presha ukalala. Mara mbili Kariyono alilazimika kusimama. Wageni wakapanda kwa miguu wakihema, jua likawatangulia. Wakalalamika, na malalamiko yakafika kwa Pak Supandri, mwenyekiti wa chama.

Pak Supandri alimwita Mak kwenye kibanda cha chama mbele ya madereva wote. Mimi nilikuwa nje namnyonyesha Wening, binti yangu, nasikia kila neno.

"Mak, gari lako limechoka. Lipumzishe."

"Limechoka kuliko wewe? Mbona wewe hupumzishwi?"

Madereva wakacheka. Pak Supandri akasubiri wamalize.

"Chekeni. Alhamisi mchana utapanda na watu sita, kutoka kwenye bonde la mchanga mpaka juu. Husimami, huzimi injini. Ukizima, namba inarudi kwa chama."

"Inarudi kwa chama, au kwa mkweo?"

Hapo hakucheka mtu. Mkwe wa Pak Supandri alikuwa na Haditopu iliyopakwa rangi mpya, imekaa uani miezi minne kwa kukosa namba.

Kesho yake Mak akateremka mjini Probolinggo kwa wauza vyuma chakavu. Alirudi jioni kabeba rejeta ndogo mgongoni ndani ya saruni, vile ninavyombeba Wening. Ilitoka kwenye lori lililopinduka na kabichi. Alinisimulia kwamba muuzaji alimuuliza, "Hiyo ya kupikia nini, bibi?" naye akamjibu, "Ya kupikia wanaume wanaouliza sana." Hiyo ndiyo mara pekee wiki ile nilimwona akitabasamu, na alitabasamu kwa sababu alikuwa amemtukana mtu.

Kazi ilichukua siku mbili. Injini ya gari lile ilitengenezwa bila kitu cha kupoza oili yake. Oili inazunguka humo humo kwenye moto. Mak alifungua filta ya oili, akaweka kati ya filta na injini kisahani cha chuma chenye matundu mawili. Oili itoke tundu moja, ipite kwenye mpira mpaka mbele ya gari, iingie kwenye ile rejeta ndogo ipigwe na upepo, halafu irudi kwa mpira wa pili. Vishikizo vya rejeta alivikata kwenye kitanda cha chuma cha marehemu. Mimi nilishika tochi, Wening mgongoni.

"Inua mkono. Unamulikia miguu yangu, miguu yangu ina oili?"

"Samahani, Mak."

"Samahani haimuliki."

Kariyono alisimama mlangoni na glasi ya kahawa. "Mama, uza hilo lichuma tununue pikipiki."

"Uuze nini chako humu? Hata hiyo suruali nilikununulia mimi."

Akaenda zake. Mume wangu si mtu mbaya. Lakini ameishi miaka ishirini na tisa akiambiwa hivyo, na naona jinsi kila neno linavyoingia na kukaa.

Rejeta ilikuja na mpira mmoja wa oili, ule mgumu wenye nyuzi ndani, mrefu wa kutosha upande mmoja tu. Kwa upande wa pili Mak akaleta mpira wa kupulizia dawa kwenye viazi. Kwetu kila nyumba ina mpira huo. Unavumilia presha kubwa ajabu. Ukikuchomoka shambani unakuangusha chini.

"Mak," nikasema, "mpira ule haupendi joto."

"Umesomea mipira wewe?"

Mwezi wa nane mpira huo ulikuwa ukiganda kwa jalidi asubuhi, nami ndiye niliyekuwa naumwagia maji ya moto kuuzibua, kwa hiyo nilijua unavyokuwa. Nilichukua kipande kilichobaki, nikachota maji yaliyokuwa yakichemka jikoni kwa ajili ya kumwogeshea mtoto, nikayamimina ndani, kisha nikakilaza kipande mbele yake juu ya benchi. Kikalegea kikaning'inia kama utumbo wa kuku.

Alikichukua, akakikunja. Nilidhani atanipiga nacho.

"Huo mgumu utabeba oili inayotoka kwenye injini," akasema. "Hiyo ndiyo ya moto. Huu wa viazi utarudisha iliyokwishapoa."

"Na gari likiwa limesimama, Mak? Upepo utatoka wapi?"

"Nani kakwambia litasimama?"

Huku juu mwenye mpira mgumu mwingine alikuwa mmoja tu. Pak Supandri alikuwa na bunda zima stoo, kwa ajili ya malori yake. Kariyono alisema ataenda kuomba mita moja. Mak hakuinua kichwa kutoka kwenye boneti.

"Ukikanyaga kwake, lala huko huko."

Jumatano ile jioni nilifikiria kwenda mwenyewe. Nilifika mpaka kwenye ukingo wa shamba lake la kabichi, nikaona taa ya barazani imewaka na yeye amekaa na mkwewe, wanakula. Nikarudi. Nilimwogopa Mak kuliko nilivyoiogopa Alhamisi.

Alhamisi mchana tukateremka kwenye mchanga. Mak alishika usukani mwenyewe. Kariyono alisema hataki kuwa dereva wa msiba, akatangulia juu kwa pikipiki ya jirani kwenda kusubiri. Pak Supandri alikuwa amechagua watu sita, wote wapakiaji wa magunia ya viazi, shingo kama za nyati. Mak akanivuta mkono nikae mbele, kati yake na mpakiaji mmoja.

"Sheria ni watu sita," Pak Supandri akasema. "Huyo wa saba."

"Mhesabu na mtoto, wanane. Nakuongezea mzigo, unalia nini?"

Injini ilikuwa tayari inanguruma. Pak Supandri akatoa karatasi, akaanza kusoma masharti. Alisoma polepole, kifungu kwa kifungu. Akamaliza, akasema kuna waliochelewa hawakusikia, akaanza upya. Kuzima hakukuruhusiwa. Upepo haukuwepo hata wa kutikisa vumbi. Joto likaanza kupanda kutoka chini ya miguu yetu, na mimi nikanusa harufu kama ya sahani ya plastiki iliyoachwa karibu na jiko.

"Soma haraka, Pak."

"Haraka ya nini, Mak? Si unasema gari ni zima?"

Mak aliitazama ile karatasi. Alijua. Alikuwa anajua kila kitu anachokifanya yule mtu, na hakuwa na la kufanya. Kwa hesabu yangu tulikaa karibu nusu saa. Wening alilala, akaamka, akanyonya, akalala tena.

Tulipoachiwa, Mak alitia gia kama anampiga mtu. Jipu likaondoka. Wale wapakiaji walianza kwa mzaha.

"Mak, nikishuka kusukuma nitalipwa?"

"Wewe ukishuka gari litaruka. Kaa hapo."

Nilikuwa naangalia mshale. Kona ya kwanza mpaka ya tano ulisimama mahali pake. Ya sita, ya saba, pale ulipozoea kuanza kulala, ukasimama tu. Sijawahi kuuona hivyo. Utani ukapungua nyuma, mwisho ukaisha. Mpakiaji aliyekaa pembeni yangu naye akainama kuutazama. Nikamwona Mak ameanza kupumua.

Zilibaki kona mbili. Kitu kikalia chini, *pwa*, kama mtu amefungua soda, na mshale ukaanguka mpaka chini kabisa. Mak akazima injini kabla hata sijaelewa. Akavuta breki ya mkono.

"Kanyaga, Mak!" mmoja akapiga kelele nyuma. "Kona mbili tu! Washa, utafika!"

"Hata ikifa, ifie juu!" mwingine akasema. Nao walikuwa wametumwa na Supandri. Nadhani walikwishasahau.

Na ni kweli, angefika. Kila dereva wa huku atakwambia kwamba injini inaweza kwenda mita mia tatu bila oili. Ingefika juu, ingekufa pale pale, na namba ingebaki yetu, maana mashahidi wa kuzima walikuwa hao hao sita, na ndio waliotaka tuwashe. Mak aliweka mkono kwenye ufunguo. Nilitazama vidole vyake. Halafu akauchomoa ufunguo, akautia kifuani.

"Shukeni," akasema. "Siui injini nzima ili niwapendeze watu."

Nyuma yetu oili ilikuwa imechora mstari mweusi barabarani. Mpira wa viazi ulikuwa umevimba kama shingo ya chura na kuchomoka kwenye klipu. Kariyono alikuja akikimbia kutoka juu.

"Ungefika! Mama, ungefika! Injini tungetafuta nyingine!"

"Ungeitafuta wewe?"

"Namba tungeitoa wapi? Nijibu! Namba tunaitoa wapi sasa?"

Mak alikuwa amelala chini ya gari, anaziba tundu la kisahani kwa kitambaa ili mchanga usiingie.

Ijumaa asubuhi walikuja vijana wawili wa chama na kopo la rangi kufuta namba. Wakakuta mlango mtupu. Mak alikuwa ameikwangua alfajiri kwa kisu cha kumenyea viazi, na magamba ya rangi ameyakusanya kwenye jani la kabichi. Akawakabidhi mkononi.

"Mpelekeeni Supandri. Mwambieni asiyapoteze, asije akanidai."

Wiki hiyo hiyo akaagiza mpira wa pili kutoka mjini, ule mgumu, akafunga klipu mbili mbili. Sasa anawabebea watu kabichi na viazi kutoka mashamba ya juu kuteremka sokoni. Malipo hayafiki nusu ya yale ya wageni. Anapita mbele ya kibanda cha chama kila siku na gunia kumi na tano nyuma, mshale umesimama, saruni puani.

Mkwe wa Pak Supandri alipata namba 31. Kumbe anaziogopa kona. Mwezi ulipokwisha akatafuta dereva, na dereva aliyemkubalia ni Kariyono. Hakuniuliza. Aliniambia akivaa viatu.

Kwetu mtu akiingia nyumbani anapelekwa kwanza jikoni, akae kando ya moto, hata kama ni mpita njia aliyekosea nyumba. Sebule ni ya maafisa wa serikali. Siku ya kwanza Kariyono aliporudi kutoka kwenye zamu yake, mikono imekufa ganzi kwa baridi, alikuta mama yake amekaa jikoni, na kibao alichozoea kukalia yeye Kariyono hakipo.

Mak alikuwa akichochea kuni. Akasema nami, hakusema naye.

"Mwambie mgeni akae sebuleni."

Kariyono akaenda kukaa kwenye kochi, gizani, na saruni yake shingoni. Mpaka leo ndivyo tunavyoishi. Nampakulia aron ya moto, wali wetu wa mahindi, na samaki wa chumvi na pilipili, navuka nayo ukumbi, Wening mgongoni.

"Mama amesema nini?" ananiuliza, kila siku.

"Amesema ule kabla hakijapoa."

Hajasema kitu. Kariyono anajua. Anakula hata hivyo, na mimi narudi jikoni kumshikia Mak tochi, maana sasa anataka kuongeza feni ndogo mbele ya ile rejeta.