Nilimzoesha Mwanangu Kutotarajia Kitu

Ndugu zangu, mkosaji ni mimi. Sina mchawi wa kumsingizia. Nimeharibu mwenyewe, kwa mdomo wangu huu huu.

Nakaanga samaki, perege, sokoni hapa Babati. Nina mabinti wawili. Mkubwa, Neema, amemaliza darasa la saba. Baba yao alituacha, tukabaki watatu kwenye chumba cha kupanga mtaa wa Nangara.

Mkoa wetu mpya ulipotangazwa, ofisi zikafunguliwa na wageni wakamiminika na mafaili yao. Neema akitoka shule lazima apite kuchungulia. "Mama, na mimi nitafanya kazi pale mkoani. Nitakalia kile kiti cha kuzunguka!"

Ningecheka naye, ningepungukiwa nini? Nikamkata: "Viti vile vina wenyewe, wametoka navyo mbali. Wewe mtoto wa muuza samaki, shika beseni twende."

Na haikuwa mara moja. Akishika nafasi ya tatu, nauliza hao wawili waliomshinda wanakula nini. Akiimba kwaya, namwambia sauti inakwaruza. Nilikolelewa mimi mtoto hasifiwi usoni, eti atavimba kichwa. Halafu maisha yalishanichapa, sikutaka na yeye aje aumie. Mungu ni shahidi, nilidhani namkinga!

Matokeo yakatoka. Mwalimu wake akaja mbio mpaka kwenye karai langu. "Mama Neema, hongera! Mtoto kachaguliwa sekondari!" Nilipiga vigelegele soko zima likageuka. Nikamkumbatia Neema. Yeye kasimama tu.

"Wamekosea, mama. Huyo ni Neema mwingine."

Tukampeleka shuleni akaone jina lake lilivyobandikwa kamili, mpaka la babu yake. Akalisoma lote. Akasema, "Basi wakinijua watanirudisha. Bora nisiende."

Jamani! Shule imeshafunguliwa. Sare nimeshona, inaning'inia ukutani. Asiporipoti Ijumaa hii, nafasi anapewa mwingine. Nimembembeleza, nimefoka, mchungaji amekuja na kuondoka. Nimempigia magoti mtoto niliyemzaa mwenyewe! "Neema, una akili mwanangu, mimi ndiye niliyekosea." Ananiangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mgonjwa anayeweweseka. Mabaya yangu yote aliyaamini. Zuri moja tu, hataki!

Jana ndiyo imenimaliza. Mdogo wake, Upendo, yuko darasa la kwanza. Kaingia anarukaruka, mwalimu kasema ana mwandiko mzuri, basi na yeye atakuwa mwalimu! Kabla sijafungua mdomo, Neema akamvuta karibu, akamfuta vumbi usoni, kwa upole kabisa.

"Usifurahi sana, mdogo wangu. Utaumia."

Upendo akaacha kuruka. Akakaa.

Nilitoka nje nikalia mpaka jirani akaja kuuliza nani amefariki.

Wazazi wenzangu, nawaomba kwa machozi. Mtoto akikuletea ndoto yake, hata ukiona haiwezekani, kaa chini uiote naye. Msifie, mwache avimbe hicho kichwa! Kumkatisha tamaa dunia inajua yenyewe, haihitaji msaada wa mama. Mimi niliisaidia. Ijumaa ni keshokutwa, na mwanangu haamini neno langu hata moja.