Lazarus Orina na Daraja la Magogo

Lazarus Orina hakuweza kumaliza ibada akiwa amekaa. Kanisani pale Litein alichagua benchi la nyuma karibu na mlango, na kabla mhubiri hajafika katikati alikuwa ameshatoka mara mbili, akazunguka uani, akarudi, akatoka tena. Watu walidhani ni tumbo. Mkewe Nyambeki alijua si tumbo, ila alikuwa amechoka kuuliza. Mumewe alirudi hivyo kutoka Burma mwaka wa arobaini na sita, na sasa ulikuwa mwaka wa sabini na mbili.

Alikuwa ametoka Kisii kutafuta kazi kwenye majani chai, akaishia kuwa nyapara wa barabara, zile za udongo ambazo malori hupitia kuchukua majani ya wakulima. Kazi ilimfaa kwa sababu ni ya kutembea. Kila mvua ilipopita alitangulia yeye, macho chini, wala hakukubali kibarua yeyote apite mbele yake hata hatua moja. Walimtania kwamba anatafuta shilingi zilizoanguka. Aliwaacha wacheke.

Mwezi wa Agosti Mwalimu Chelimo, mama aliyesimamia shule ya msingi, alimfuata kazini. Alikuwa anaandaa mbio za watu wote, wenye mbio na wasio na mbio. Kila mmoja angetoa mchango wa kuwasaidia wazee waliopigana vita vya Hitla, ambao sasa walikuwa wanazeeka na vidonda vyao, wengine hata blanketi hawana.

"Mzee Orina, jina lako tumeandika. Siku hiyo mtakaa mbele na medali zenu, watu wawaone."

"Medali sijui iko wapi, mwalimu. Na kukaa mbele, hapana."

"Kwa nini?"

"Nipe kazi ingine. Nani anaweka alama za njia?"

Hakukuwa na mtu, basi kazi ikawa yake.

Njia ilianzia sokoni Litein, ikashuka katikati ya chai, ikavuka kijito kwenye daraja la magogo, halafu ikapanda kuelekea Kapkatet. Jumatatu Orina aliimwagia alama za chokaa. Jumanne aliirudia yote. Kufikia Alhamisi alikuwa anaipita mara mbili kwa siku, na kila akifika darajani alipiga magogo kwa kisigino, moja baada ya jingine.

"Baba Mosoti, unaogopa hiyo njia itakimbia?" Nyambeki alimwuliza alipomwona anavaa gambuti tena.

"Kuna mahali bado sijaangalia."

"Mahali gani?"

Alikuwa ameshatoka.

Ijumaa mchana ilinyesha mvua ya mawe. Jumamosi, siku ya mbio, Orina aliondoka kabla chai haijachemka.

Pale barabara inapokutana na daraja alikuta udongo mpya, umesawazishwa vizuri, upana wa karai. Jana yake asubuhi haukuwepo. Alijua ni kitu gani. Lori la majani lilikwama kwenye mvua na matanboi, vijana wa kupakia, wakaziba shimo. Alijiambia hivyo mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Miguu ikakataa. Alibaki amesimama mpaka akawasikia wakimbiaji wakishuka kilima. Wanakwaya walikuwa wakiimba. Muuza nyama alikuwa na koti lake jeupe la kazi, na mbele yao wote alikuja kijana wa kiwandani, mwepesi kama swala.

Orina akaingia katikati ya barabara, mikono juu.

"Simama! Hakuna kupita!"

"Mzee, toka njiani!" kijana akapiga kelele.

"Nimesema simama!"

Kijana akajaribu kumpita kando. Orina akamshika shati, likachanika. Waliokuwa nyuma wakafika wakigongana. Mmoja akasema mzee amelewa, mwingine akacheka, na muuza nyama akataka kujua kama mchango wake umeliwa.

Nyuma ya wakimbiaji ilikuja pikapu iliyowabeba wazee wa vita, pamoja na Mwalimu Chelimo. Johana Kipkemoi, mkulima wa chai aliyekuwa Burma pia, akashuka na fimbo yake, akapita katikati ya watu. Hakumwuliza Orina ana nini.

"Ni wapi?" alisema.

Orina akaonyesha kwa kidole.

Johana akavua koti lenye medali, akampa Mwalimu Chelimo. Akaomba spoki kwa mwenye baiskeli mmoja, kisha wazee wawili wakapiga magoti kwenye matope. Orina alidunga udongo kwa upande, polepole, nafasi ya kidole kimoja, halafu kingine. Johana alichomoa mawe na kuyapanga kando.

Spoki ikagonga chuma.

"Rudisha watu," Orina akasema bila kuinua kichwa, na safari hii hakuna aliyebisha. Wakarudi nyuma mpaka kwenye chai. Orina alikwangua kwa kucha mpaka chuma kikaonekana. Lilikuwa jembe kuukuu lililovunjika, limetupwa shimoni pamoja na mawe. Alilitoa, akaliweka chini kwa mikono miwili.

"Safi," Johana akasema. "Waambie wapite, Bwana Orina."

Orina akainuka, akavuka daraja peke yake akikanyaga kwa nguvu, akarudi, akavuka tena. Ndipo akasema.

"Piteni."

Walivuka wakitembea, kisha wakaanza kukimbia tena mlimani. Nani alishinda, wengi hawakumbuki.

Wakirudi nyumbani na Nyambeki, aliyekuwa amekuja kutazama mbio, Orina alimweleza kile alichokificha miaka yote. Kule Burma kazi yake ilikuwa kutafuta mabomu yaliyofukiwa barabarani. Kwenye daraja moja alikagua, akamwambia mwenzake, Ajwang wa Kendu, "Pita." Ajwang akapita.

Nyambeki akasimama njiani, akamgeukia.

"Watu wake wanajua?"

"Walipata barua ya serikali tu."

Kamati ya mchango ilipouliza kila mzee ana shida gani, wengine walitaja dawa na mabati. Orina aliomba nauli ya watu wawili, yeye na Nyambeki, mpaka Kendu. Mwalimu Chelimo aliandika bila kuuliza zaidi.

Huko Kendu waliuliza nyumba hadi nyumba kwa siku mbili. Mama wa Ajwang alikuwa ameshakufa, lakini dadake alikuwepo, mama mzima mwenye wajukuu. Orina alimwambia yote akiwa amesimama mlangoni, hakujitetea mahali popote.

"Hiyo asubuhi," yule mama akauliza, "alikuwa amekula?"

"Alikula, mama. Biskuti za jeshi na chai ya maziwa ya mkebe. Alinigawia nusu."