Kabibi na Lenzi Iliyotiwa Samli

Saa mbili asubuhi, Kabibi Iha anasubiri ukuta.

Ukuta wenyewe ni wa tangi la maji, nje kidogo ya dirisha la maabara yake, katika zahanati ya kijiji kimoja kati ya Idsowe na Golbanti, kwenye delta ya Mto Tana. Ameupaka chokaa kwa mikono yake mwenyewe. Kwa sasa bado uko kivulini, na Kabibi amekaa kwenye stuli, mikono mapajani, akiutazama.

Mezani mwake imesimama hadubini ya kizamani, shaba na chuma cheusi, isiyo na waya wala balbu. Chini yake kuna kioo kidogo cha mviringo. Jua likifika ukutani, mwanga wake mweupe huingia dirishani, hupiga kile kioo, kisha hupanda kupitia tone la damu mpaka kwenye jicho la Kabibi.

Jua halitazamwi lenyewe, anaeleza, kwa sababu litaliunguza jicho. Ndiyo maana anahitaji ukuta.

Wagonjwa walioketi kwenye benchi la nje wamezoea. Hapa mtu akifika haulizi kama daktari yupo. Huuliza, “Ukuta umewaka?”

Leo swali hilo lina uzito wake. Lenzi kubwa ya hadubini, ile inayokuza mara mia, imerudi jana kutoka kwa Issack, fundi saa wa sokoni Garsen. Ilikuwa imeharibika. Issack ameifungua na kuisafisha, lakini alipopiga simu alisema hawezi kuahidi kitu.

Kamati ya zahanati imekwisha kutoa neno. Lenzi ikikataa kuona, hadubini inastaafishwa na chumba kinafanywa stoo. Mwenye homa atapelekwa Garsen, ikiwa barabara ipo.

“Ikiwa barabara ipo,” Kabibi anarudia, na kutabasamu kidogo. Mto Tana ukifurika, barabara huwa ya samaki.

Ni kweli kuna vile vipimo vya haraka vya malaria, na Kabibi havidharau hata kidogo. Ila navyo huja kwa barabara hiyohiyo. Tena mtu akishameza dawa akapona, baadhi ya vipimo hivyo huendelea kusema mgonjwa bado ana malaria. Hadubini humwonyesha kama vimelea vingalipo au vimekwisha.

Kabibi ana umri wa miaka arobaini na mitatu. Ni mtoto wa Wagiriama waliohamia delta kutoka kusini kutafuta shamba. Alianza zahanati kwa kujitolea kupima uzito wa watoto wachanga. Chumba cha maabara kilimvuta tangu siku alipopita mlangoni, na mtaalamu wa wakati huo, ambaye sasa amestaafu, akamwita achungulie.

“Niliona damu yangu,” anasema. “Nilidhani damu ni maji mekundu tu. Kumbe ni mji, una watu wake. Sikuwa na hamu ya chakula siku nzima.”

Baadaye alipelekwa Malindi kwa mafunzo, na huko akakutana na watu ambao mpaka leo anawazungumzia kama majirani. Wa kwanza ni muuza vitambaa wa Uholanzi, miaka zaidi ya mia tatu iliyopita, aliyejisagia vioo vyake mwenyewe, akachokoa uchafu wa meno yake na kukuta ndani yake viumbe vinacheza. Wa pili ni daktari wa jeshi huko Algeria, mwaka 1880, aliyeona kitu kikijipinda katika damu ya askari mwenye homa. Alikuwa ameviona vimelea vya malaria. Wakubwa wengi wa wakati wake hawakumwamini, mpaka wengine nao walipochungulia.

Kabibi anawaita watu wa dirishani. Kabla ya umeme, wengi wao walifanya kazi kama yeye, wakisubiri mawingu yapite.

“Kuna wakati nimeinama hapa, kimya, nasikia kama yule muuza vitambaa yuko nyuma yangu anangoja zamu yake,” anasema. “Simwogopi. Namwambia, subiri kidogo babu, nimalize huyu mwenye homa.”

Ajabu ni kwamba hao majirani zake ndio waliomponza.

Lenzi ile kubwa haioni sawasawa mpaka kati yake na kioo cha damu kuwe na tone la mafuta maalumu. Mwaka wa mafuriko, maji yalipokata njia, mafuta yakaisha. Vipimo vya haraka navyo vikaisha. Benchi likajaa watu wenye homa.

Kabibi akakumbuka somo la Malindi, kwamba hapo zamani mafuta hayo yalikamuliwa kutoka mti wa mwerezi. Akawaza, kama Wazungu walitumia mafuta ya mti, sisi tunashindwaje na mafuta ya ng'ombe? Nyumbani alikuwa na kibuyu cha samli, zawadi ya Qabale, mama wa Kiorma anayeuza maziwa kijijini, aliyekuja kumshukuru baada ya bintiye Bishara kupona. Samli ya Qabale ni safi, ya rangi ya dhahabu, unaona mpaka chini ya chombo.

Akadondosha tone. Akachungulia. Akaona.

Haikuwa picha kali, lakini vimelea vilionekana, na katika siku zile za maji watu walipata dawa kwa sababu ya tone lile. Kabibi alijiona amegundua kitu. Katika ndoto zake za mchana alikuwa akimsimulia daktari wa Algeria.

Hakujua kwamba samli imepenya kwenye ukingo wa lenzi na kukaa ndani. Unyevu wa delta ukamalizia kazi. Maji yaliposhuka, kuvu ilikuwa imetanda ndani ya lenzi, na kila damu aliyoitazama ilikuwa ukungu mtupu.

Kijiji kikampa jina, Mama Samli. Wengine humtania kwamba alitaka kuwakaanga wadudu wa malaria. Yeye hucheka nao, ila anakiri kwamba akifika nyumbani alikuwa akilia. Watu walikuwa wameanza kupita mlangoni pake bila kugeuza shingo, kwa kuwa hapakuwa na la kuuliza.

Aliyeumia zaidi labda ni Qabale. Alijiaminisha kwamba samli yake ilikuwa na kasoro, akaacha kupeleka maziwa upande huo wa kijiji. Kabibi alimtumia salamu kwamba kosa si la samli. Maziwa hayakurudi.

Leo Qabale ndiye wa kwanza kwenye benchi, amejifunika shuka, meno yanagongana. Homa imemshika tangu juzi. Alishauriwa aende Garsen akakataa, akasema atasubiri ukuta. Damu yake imekwisha kupakwa kwenye kioo, ikatiwa rangi na kukauka.

Saa tatu kasoro, jua linatokeza juu ya paa na kushuka polepole kwenye chokaa. Chumba kizima kinang'aa. Nje, mtu anasema kwa sauti ya chini kwamba umewaka.

Kabibi anadondosha mafuta, yale yenyewe safari hii, na kuteremsha lenzi. Anageuza kioo cha chini mpaka mwanga unakaa. Anainama. Anabaki hivyo kwa muda mrefu, kisha anainuka na kufuta macho kwa ukingo wa leso.

Haamini alichokiona, kwa vile amekitamani mno. Kwa hivyo anafanya anavyofanya siku zote kwa kila mgonjwa. Anamwita mwenye damu aje aitazame damu yake.

“Mama Bishara, njoo uniambie unaona nini.”

Qabale anainama. Mwanzoni anafumba jicho lisilohitaji kufumbwa, kisha anaona kivuli cha kope zake mwenyewe tu. Kabibi hamwambii atafute nini. Amejishika kidevu, anangoja.

“Iko mviringo nyingi,” anasema Qabale taratibu. “Kama ng'ombe imelala bomani.”

“Na ndani ya ng'ombe?”

Qabale anasogeza jicho karibu zaidi.

“Ingine haina kitu. Ingine iko na pete. Pete ndogo ya bluu. Iko na jiwe nyekundu.”

Hivyo ndivyo vimelea vya malaria vinavyoonekana, na hakuna aliyemwambia. Kabibi anamkumbatia pamoja na shuka lake, machozi yanamtoka waziwazi.

“Una malaria, Mama Bishara,” anamwambia, kwa sauti ya mtu anayetangaza harusi.

Qabale anamtazama, anatetemeka kwa homa, na tabasamu linaanza kumtoka.

“Basi nipe dawa kwanza,” anasema. “Halafu ucheke.”

Benchi zima linacheka. Mgonjwa anapewa vidonge na kikombe cha maji, na anameza akiwa bado anaiangalia hadubini. Anasema akipata nafuu ataleta samli nyingine, ya kula.

Jua likisha kuvuka tangi, Kabibi anaifuta lenzi kwa kitambaa laini, mpaka kwenye ukingo. Anaifungia katika sanduku la mbao pamoja na mfuko wa mchele uliokaangwa mkavu, wa kunyonya unyevu. Ni mchele wa Ozi, hapohapo deltani, na fundi Issack ndiye aliyemshauri.

Mpango wake ni kupanua dirisha, kisha kuomba lenzi ya akiba kabla ya mvua. Lakini anapoulizwa anatamani nini hasa, anageuka kuutazama ukuta, ambao sasa umerudi kivulini.

“Natamani siku moja nitazame damu ya kijiji kizima, mmoja mmoja, nisione pete hata moja,” anasema. “Na nijue ni kwa sababu hazipo, si kwa sababu lenzi yangu ina kuvu.”

Anafunga dirisha. Kesho atakuja mapema kuupaka ukuta upya, maana chokaa yake imeanza kubanduka upande wa chini.