Ubeti Ambao Gitonga Hakuujua

Dinah alizaliwa na udadisi, na ndoa haikumponya. Kila Jumamosi mchana alikaa meza ya mbele katika ukumbi mmoja kwenye mji wa Savage, Minnesota, akimtazama mumewe Gitonga, kofia pana kichwani, gitaa kifuani, akiwaimbia Wazungu nyimbo zao wenyewe za kantri mpaka wakajipangusa machozi. Siku za kazi Gitonga aliwaogesha wazee katika nyumba ya kuwatunzia. Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake.

Tangu atue Minnesota mwaka 1988, jina lake lilikua polepole: kwanza harusi za Wakenya wenzake Columbia Heights, kisha sherehe za kanisa, kisha Savage. Lakini ule wimbo uliompa jina, wa kijana anayefunga safari kurudi kwa mama yake, aliukatiza palepale siku zote. Kijana yuko mlangoni, mkono ameuinua abishe hodi, basi, gitaa kimya. Watu walipiga makofi wakidhani ni mbwembwe zake. Dinah hakudhani hivyo hata kidogo.

Alipomuuliza, Gitonga alisema wimbo unaishia hapo. Alijifunza kwenye redio ya mama yake huko Kinangop, akiwa na miaka sita, na mama aliizima hapo kila mara ili kuokoa betri. Loo, jibu gani hilo? Betri gani hizo za kuchoka mahali pamoja kila siku?

Mwaka wa tisini na tano, promota mmoja aitwaye Harrison alimpa Gitonga ziara ya kiangazi kizima, miji kumi na minane. Kiangazi hichohicho Gitonga alikuwa ameahidi kwenda Kenya kumwona mama yake. Akamwandikia kwamba atakuja mwaka ujao. Ilikuwa mara ya nne kuandika hivyo, na mama alikuwa ametimiza miaka sabini na sita. Dinah aliumia, ila barua akaipeleka posta.

Lakini ule wimbo haukumpa raha. Akazunguka maduka ya santuri kuukuu mpaka akaipata ile yenye wimbo huo, akamwomba muuzaji aipige. Kumbe ubeti mmoja ulibaki! Kijana anabisha hodi, mlango unafunguliwa na jirani, naye anampeleka kwenye kaburi ambalo udongo wake haujakauka. Dinah alilia palepale dukani, wala hakuona haya.

Aliinunua, na nyumbani akamwekea Gitonga ile santuri. Gitonga aliisikiliza mara mbili. Jumapili, saa ambayo mama yake hungoja simu katika duka la kijijini baada ya ibada, akapiga. Dinah naye akasogeza sikio kwenye mkono wa simu, angewezaje kukosa?

Gitonga alimuuliza mama kwa nini alikuwa akizima redio.

“Betri zilikuwa nzima, mwanangu,” mama alisema. “Ulikuwa mtoto wa miaka sita. Ningekuachaje usikie mama wa mtu amekufa?”

Gitonga akamwambia kwamba mwisho wa wimbo ameshausikia.

Mama akajibu, “Haya. Sasa unajua. Basi njoo.”

Gitonga alikata simu, akavua kofia, akampigia Harrison kumwambia atafute mwimbaji mwingine wa kiangazi. Dinah naye akaenda kuliteremsha sanduku la safari kutoka juu ya kabati.