Bima ya Mtu wa Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa hata kugusa usukani. Fundi Mkuu wa gereji moja ya Embu mjini, ambayo ndiyo iliyokuwa na shule ya udereva, alinipa hendeli, kile chuma kilichopindwa cha kuamshia injini kutoka mbele, akaniambia, "Njiru, leo kazi yako ni kuamsha gari. Likikupiga teke, ujue limekukubali." Kabla ya chai ya asubuhi lilikwisha kunipiga teke la mkono, nikaona nyota mchana. Fundi Mkuu alicheka mpaka akashika ukuta. "Sasa umeajiriwa," akasema.

Ninyi vijana wa leo mnaendesha magari yanayojibadilishia gia yenyewe, halafu mnajiita madereva. Haya, sina ugomvi na mtu. Lakini wakati wetu kushuka gia kulitaka ukanyage klachi mara mbili: unatoa gia, unaachilia, unakanyaga mafuta kidogo, unakanyaga klachi tena, ndipo unaingiza gia ya chini. Ukikosea, gia zinakwaruzana kwa kelele hata mbuzi wa kando ya barabara wanatoka mbio. Magari yetu hayakuwa na taa za kuonyesha unakokata kona. Ulitoa mkono dirishani, mvua inyeshe au jua liwake, na mwanafunzi mwenye haya alikuwa na shida kubwa, kwa sababu kila aliyempungia alidhani anasalimiwa.

Baadaye Fundi Mkuu alinipandisha kuwa mwalimu, ila kwa sharti kwamba kwanza nijue mambo ya bima. Akanipeleka kwa karani wa bima, mtu mpole aliyevaa tai hata siku za jua kali. Karani alinieleza kwamba mwanafunzi analindwa na bima akiwa tu na mwalimu mwenye leseni kando yake, na kibao cha L nyekundu mbele na nyuma ya gari. Sisi watu wa mlimani ulimi wetu unaigeuza herufi hiyo, kwa hiyo tulikiita kibao cha era. Kisha akaniambia jina la bima yenyewe. "Hii ni bima ya mtu wa tatu, Mwalimu. Wa kwanza ni mwenye gari. Wa pili ni kampuni. Wa tatu ni yule mpita njia ambaye hajui habari zenu, nanyi mkamgonga." Nikayakariri maneno hayo kama katekisimu, na kila mwanafunzi nilimwimbia hayo hayo. Laiti ningejua!

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, imajensi kama tulivyoiita, wapiganaji wa uhuru wakiwa msituni na serikali ya kikoloni ikiwasaka. Watu walihamishiwa kwenye vijiji vilivyozungukwa na handaki, na hukuweza kutoka lokesheni yako, yaani eneo la chifu wako, bila pasi ya serikali. Kila daraja lilikuwa na gogo limelazwa barabarani na homgadi, askari mgambo wa serikali, amesimama na mkuki au bunduki. Siku hizo watu waliogopana. Ulipima neno kabla ya kumpa jirani yako mwenyewe. Mimi niliendelea kuwa na furaha kwa sababu ya kazi yangu, maana mtu anayejifunza gari husahau hofu nyingine zote. Inabaki ile ya klachi tu.

Ndipo hospitali moja ya misheni upande wa Meru, mbele ya Chuka, ikaomba mwalimu, nami nikatumwa. Dereva wao alikuwa amechukuliwa kuhojiwa, na hakurudi. Gari la wagonjwa lilikaa chini ya kibanda huku wajawazito wakibebwa kwa machela kutoka vijijini, na wengine hawakufika. Daktari Mkuu aliniita ofisini. "Nimemchagua mkunga wetu," alisema. "Mtihani uko Embu, na Mkaguzi wa Magari hatarudi upesi. Asipopita safari hii, Bwana DC, mkuu wa wilaya, amesema atalichukua gari."

Mkunga huyo aliitwa Kanyua. Alikuwa mfupi, nikamwekea mto wa kukalia ili aone barabara. Sijapata kuona mwanafunzi wa namna yake! Nikimfokea, naye ananijibu. "Sista, achilia klachi polepole!" nasema. "Mwalimu, mimi nimepokea watoto wa watu kwa mikono hii," anasema, "sembuse klachi." Wanawake waliokuwa wakichota maji waliacha mitungi na kupiga vigelegele akipita. Alikuwa dereva mzuri, lakini mlima ulimtisha. Kusimama katikati ya mlima kisha kuondoka bila gari kurudi nyuma kulimtoa jasho, na kila mtu alijua kwamba Mkaguzi huwaangushia watu hapo hapo.

Siku ya mtihani tukaondoka mapema, yeye kwenye usukani, mimi kando, era mbele na nyuma. Konakona za mto Thuchi alizikata vizuri. Darajani tukakuta gogo, na homgadi mmoja mzee amevaa koti refu la jeshi. Tukampa pasi, akazigeuza, akazirudisha. Kisha akaonyesha karatasi iliyobandikwa kwenye kioo. "Na hiyo?"

Mdomo wangu ukanitangulia. "Hiyo ni bima, Mzee. Bima ya mtu wa tatu."

Akachungulia ndani. Akazunguka nyuma, akafungua mlango, akainua hata godoro la machela. Aliporudi uso ulikuwa umebadilika. "Mimi naona watu mbili. Huyo wa tatu mumeangusha wapi? Ameingia msitu?"

Siku zile mtu aliyepotea kuelekea msituni hakuwa jambo la mzaha. Ungeweza kulala ndani kwa sababu yake, na mtihani usingekungoja. "Hapana, Mzee," nikasema, "mtu wa tatu ni yule anayegongwa."

"Kumbe mumegonga mtu?"

"La! Bado."

"Bado!" Akaruka nyuma. "Kwa hivyo ndiyo munaenda kugonga?"

Kila nilipoeleza nilizidi kuzama. Kanyua akanikanyaga mguu, kwa nguvu kuliko alivyowahi kukanyaga breki, akatoa kichwa dirishani. "Muga, Mzee," akamsalimu Kimeru, taratibu. "Usimsikilize huyu. Mtu wa tatu ni wewe."

"Mimi?"

"Wewe uliyesimama barabarani. Nikikuumiza, karatasi hii ndiyo itakayokutibu. Imekatwa kwa ajili yako."

Mzee akaitazama karatasi kwa muda. Nadhani tangu imajensi ianze hakuwa ameambiwa kwamba kuna karatasi ya serikali inayomtakia mema. Akamwita mwenzake ashike zamu, akaondoa gogo kwa mikono yake, akapanda nyuma na mkuki wake, akakaa juu ya machela. "Kama ni mimi," akasema, "twende. Karatasi ya watu tatu, watu wawe tatu."

Basi tukaenda. Runyenjes kulikuwa na kizuizi kingine, na kabla hatujasimama sawasawa Mzee alikuwa ametoa kichwa. "Mtu wa tatu ni mimi! Fungua!" Wakafungua. Tuliingia Embu mapema kuliko nilivyotarajia.

Mkaguzi alikuwa Mzungu mrefu asiyejua kucheka. Alichukua kiti changu, akageuka, akaona mkuki. "Nani huyu?"

"Ni mtu wa tatu, Bwana," nikasema, maana sikuwa na neno jingine.

Mzee alikataa katakata kushuka. Alihesabu kwa mkuki: Kanyua, Mkaguzi, yeye mwenyewe. Hesabu ilitimia. Mkaguzi akanitazama, akatazama saa yake, akasema twende. Mimi nikabaki kando ya barabara, nikiliangalia gari likielekea mlimani. Katikati ya mlima likasimama. Nikashika kichwa. Nilikuwa nikiwaona wale wanawake wa machela. Likakaa pale, likakaa, kisha likaondoka kwenda juu bila kurudi nyuma hata kidogo. Nilipiga kelele mpaka mbwa wa gereji wakabweka.

Waliporudi Mkaguzi alishuka uso mwekundu. "Amepita," alisema. "Na mwambie yule mzee kwamba nimetahini madereva wengi, lakini hakuna aliyewahi kuniambia ninyamaze mpaka mama amalize kupanda." Halafu akacheka! Kanyua alitoka kwenye gari akiwa bado ameubeba ule mto, akanishika mikono yote miwili.

Baada ya hapo nilihamishiwa Meru mjini, kisha nikafundisha Kianjai siku za soko, kisha nikarudi Embu nikiwa Mwalimu Mkuu. Uhuru ulinikuta kwenye kiti kile kile cha kushoto. Nilipostaafu nilidhani ningekumbuka zaidi mngurumo wa injini. Kumbe nakumbuka nyuso za watu siku walipopita. Nimewahi kuulizwa kama sikuchoka kukaa kando ya watu wanaoogopa. Nichoke vipi? Ni kazi gani nyingine unayomwona mtu akishinda hofu yake mbele ya macho yako, asubuhi na mchana?

Siku ya kuniaga walipika githeri na chai nyingi, na Kanyua, nywele zimekuwa nyeupe, akasimama kusema. Akasimulia jambo ambalo hakuwahi kuniambia, maana mkunga hatoi siri za wazazi mpaka wazazi wenyewe waruhusu. Safari yake ya kwanza peke yake alimchukua mama mwenye uchungu kwenye kijiji cha ng'ambo ya Thuchi. Mlinzi wa lango la kijiji alimkataza mtu mwingine yeyote kutoka nao. Alipofika Thuchi akamkuta mzee wetu, amejaa sheria. "Sista, naona watu mbili! Mtu wa tatu iko wapi?"

"Yuko njiani anakuja, Mzee," Kanyua akamjibu, "na usipotoa gogo hilo utampokea wewe!"

Kanyua alisema gogo lile lilirushwa mtoni, lisionekane tena. Walifika hospitalini, na mtoto akazaliwa kabla injini haijapoa. Watu walicheka, wakapiga makofi. Mimi nililia mbele yao wote, mzee mzima, na sikuona haya.