Matuta ya Mama Hayasawazishwi

Mama alikataa kusawazisha matuta yake. Mimi niliyemsihi sana najivunia hadi leo kwamba hakunisikiliza.

Nyumba yetu iko pembeni mwa Sumbawanga, upande wa kwenda Mollo. Ni ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu, na marehemu baba aliijenga kwa mikono yake. Kuizunguka, mpaka chini ya madirisha, kuna ntumba, yale matuta makubwa ya mviringo ambayo sisi Wafipa huyainua mvua zikikaribia kuisha, tukizika nyasi ndani ili zioze ziwe mbolea. Mama haelewi uwanja mtupu ni wa kazi gani. Kwake, ardhi iliyofagiliwa bila kupandwa ni uvivu tu.

Kampuni ya upimaji ilipotumwa kuorodhesha makazi ya mjini kwa mradi wa maji na nyumba, watu wake walisimama barabarani, wakaona matuta, wakaandika "shamba". Mama aliwaletea togwa. Hakuwauliza wameandika nini, kwa sababu alivyolelewa, mgeni hahojiwi kabla hajanywa, na akishakunywa kumhoji ni aibu. Wakashukuru wakaenda zao. Basi tukatolewa mjini kwa adabu zetu wenyewe.

Ramani ilipobandikwa nje ya ofisi ya ardhi nilikwenda kuitazama. Mimi ni fundi cherehani, karatasi yenye mistari hainitishi. Bomba la maji na mikopo ya nyumba za gharama nafuu vilitengewa waliomo ndani ya makazi, na mstari wa makazi ulikomea kwa jirani yetu, mtumishi wa serikali aliyehamia kutoka Mbeya juzijuzi tu. Ule mtaa wa karibu na boma, ambao wazee bado wanauita Uzunguni, ulikuwa na viwanja vipana, miti na barabara pana, na sasa unaongezewa taa. Uswahilini kumebanana vilevile. Sisi tuliolima kabla ya hiyo mitaa yote hatukuwa na hata rangi kwenye karatasi. Wazungu waliondoka, mkasi wao ukabaki mezani, na waliourithi wanakata palepale.

Nikaingia ndani kwa afisa wa mradi.

"Dada yangu," akasema kwa upole, na upole ule ndio ulioniudhi, "nyie wenyeji ni wakulima. Maisha ya shamba mmeyazoea. Hizi nyumba za mradi mtaziweza?"

"Kwani anayelima hana kiu?" nikamjibu. "Mahindi unayokula yanatoka wapi? Mama yangu anabeba ndoo kutoka mtoni na goti lake bovu, wewe unaniambia amezoea!"

Watu kwenye benchi waligeuka. Sikujali. Afisa akasema basi, watarudi kuhakiki, ila tusawazishe matuta paonekane pa mjini.

Naona haya kukiri kwamba nilikwenda nyumbani nikachukua jembe. Nilitaka lile bomba kuliko nilivyotaka heshima. Nilikuwa nimeshabomoa tuta moja, maharage na udongo mweusi vimetapakaa, mama alipotoka.

"Unafanya nini?"

Nikamweleza. Nikambembeleza. Nikamwambia goti lake halitangoja.

"Goti ni langu," akasema. "Mimi nilale njaa ndipo wanione mtu wa mjini? Rudisha udongo."

Nikaurudisha huku nalia kwa hasira, sijui kwake au kwao.

Wahakiki walikuja wiki iliyofuata, wawili wa kampuni ileile, na yule afisa. "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, wanangu," akawaleta katikati ya matuta mpaka mlangoni, akawaonyesha vitanda, jiko, picha ya baba ukutani. Kisha akatoka na kibuyu cha togwa, akakishika kifuani. Afisa akanyoosha mkono. Mama hakukiachia. Sijawahi kumwona akimnyima mgeni.

"Safari iliyopita mlikunywa, mkaandika sipo," akasema. "Leo andikeni kwanza."

Afisa alicheka kidogo, akaona hakuna anayecheka naye. Akafungua daftari, akakata neno, akaandika jingine juu yake. Mama hajui kusoma. Akalichukua lile daftari mkononi mwa afisa, akanipa mimi.

"Makazi," nikasoma.

"Soma tena."

Nikasoma kwa sauti ya kufika barabarani. Ndipo akawamiminia.