Mstari wa Nne Ukutani

Kiwandani walimwita Mama Kola, maana kwa miaka kumi na tisa alishona kola za mashati na hapakuwa na wa kumfikia. Bega lilipoanza kumsumbua, alihamishiwa ofisini kuandika idadi ya nguo zinazotoka. Mdogo wake alibaki kwenye cherehani, sehemu hiyohiyo ya mashati, ambako wiki nzima uvumi ulikuwa umezagaa kwamba watafungiwa kazi.

Asubuhi moja Mama Kola alitumwa kupeleka mafaili kwenye kikao. Akamkuta kijana mtaalamu, aliyeitwa kumshauri meneja, amebandika ukutani mchoro wa mauzo ya nchi nne zinazouza nguo nje, mstari mmoja kwa kila nchi, kwa miaka kumi na miwili. Ya kwanza ilipanda bila kupumzika. Ya pili ilisuasua, kisha ikachangamka. Ya tatu, iliyotamba zamani, ilikuwa inashuka mwaka hadi mwaka. Ya nne ilikuwa yao wenyewe. Ilipanda polepole kama mtu mwenye mzigo kichwani, halafu mwaka wa mwisho ikaporomoka. Meneja alisema dalili ya mvua ni mawingu. Sehemu ya mashati ingefungwa mwisho wa mwezi.

Mama Kola akamfikiria mdogo wake. Lakini jambo moja lilimkaa vibaya. Mwaka huo unaodaiwa kuporomoka ndio waliofanya kazi mpaka Jumapili, na viwanda jirani vilevile. Akaomba jedwali lililotumika, akapitisha kidole mstari kwa mstari mpaka chini kabisa, kama alivyozoea kukagua mshono.

"Samahani, mwanangu," akamwambia mtaalamu. "Wenzetu umewahesabia miezi kumi na miwili. Sisi umetuhesabia tisa."

Meneja akamjibu kwa ukali kidogo kwamba hayo awaachie waliosomea. Mtaalamu, hata hivyo, alivaa miwani, akasoma maandishi madogo chini ya jedwali, na uso ukamshuka.

"Mama amesema kweli," akasema. "Na mitatu iliyobaki ndiyo ya oda kubwa."

Akapiga simu idara ya takwimu, na kabla ya saa sita tarakimu za mwaka mzima zikafika. Akachora upya mbele yao. Mstari wa nne haukuwa wa kujigamba nao, kwani nchi ya kwanza bado waliiona kisogo tu. Ila ulikuwa unapanda, na ile ya tatu ulikuwa umeshaipita. Meneja akatangaza mashati yanaendelea, na kuanzia siku hiyo kila jedwali lipitie kwanza mezani kwa Mama Kola.

Akashuka chini kumtafuta mdogo wake. Alipomweleza, yule akaketi juu ya bunda la vitambaa, akacheka huku machozi yanamtoka.

"Dada, nilishamwambia shemeji yako tufungashe."

Mama Kola akamwambia asifungashe hata kijiko. Kisha naye akaketi palepale ubavuni mwake.